Daftari la Baba Mkwe

Mwezi uliopita, katika harusi ya mjukuu wangu hapa Iringa, mzee mmoja wa upande wa bibi harusi aliomba kipaza sauti. Alivaa suti ya kijivu iliyompwaya mabegani, na meno yake ya bandia yalikuwa yakigongana kila alipofunga mdomo. Nilimtambua kabla hajajitambulisha. Alikuwa Ambakisye, mtu wa Mbeya, ambaye nilipokuwa na miaka ishirini alikuwa mchumba wangu. Akasema, "Huyu bibi mnayemwona ametulia pale mbele nusura awe mke wangu. Shida yake ilikuwa usomi. Alimpelekea baba yangu zawadi ya daftari, na jina la mzee kaliandika juu yake kwa wino! Jina la mkwe, kwetu sisi Wanyakyusa! Nilimkataza, wapi!" Ukumbi mzima ukacheka, wajukuu zangu wakapiga meza kwa furaha. Nilikuwa na kipande cha nyama mdomoni, nikakitema kwenye karatasi ya kufutia mikono kwa sababu hakikutaka kushuka. Kuchekwa hakunisumbui, nimefundisha watoto wadogo maisha yangu yote. Kilichonitia kichefuchefu ni lile neno "nilimkataza". Amezeeka nalo, ameng'oka meno yote nalo, na bado anaona utamu wake. Nimeona niandike ilivyokuwa, maana nikifa itabaki ile ya kwake.

Mwaka ule wa hamsini na sita nilikuwa nafundisha darasa la kwanza katika shule ya misheni nje kidogo ya mji, nami nilikaa kwa shangazi yangu, mjane asiyependa maneno mengi. Nyumba yake ilikuwa na vyumba vitatu. Changu kilikuwa cha nyuma, kilichonuka samli na mafuta ya taa, kwa kuwa shangazi aliviweka vyote chini ya kitanda changu. Ambakisye alikuwa karani katika ofisi moja ya serikali, na Jumamosi mchana alikuja kula kwetu. Nikimkumbuka leo pale mezani, naona jinsi alivyokuwa akinyonya mifupa kwa sauti, akiipanga kando ya sahani, kisha akirudi kuinyonya tena yote toka mwanzo. Naona jinsi alivyokuwa akilamba kidole kabla ya kufunua ukurasa wowote, hata wa Biblia ya shangazi. Wakati ule mambo hayo sikuyaona. Nisidanganye, nilimpenda. Alikuwa na sauti nzuri, aliongea Kiswahili cha ofisini kilichonyooka, na alipopita barabarani na mwavuli wake walimu wenzangu walinikonyeza. Msichana wa miaka ishirini anaweza kula meza moja na jambo la kuchukiza mwaka mzima, akashiba.

Mwezi wa kumi baba yake alimwandikia barua kutoka Mbeya, na Ambakisye akaisoma mezani kwetu. Mzee Gwakisa alikuwa karani wa baraza aliyestaafu, na mzee wa kanisa. Kila siku ya maisha yake aliandika yaliyotokea: mvua, wageni, nani kaja ibadani na nani hakuja, nani kasema nini. Siku hizi wasomi wanaita kitabu cha namna hiyo shajara. Daftari lake lilikuwa limefika kurasa za mwisho, na alitaka mwanawe amtafutie jingine huko Iringa, lenye mistari mipana kwa sababu macho yalikuwa yameanza kuingia ukungu. Mwishoni aliandika kwamba mchumba aje Desemba pamoja na mtu mzima wa kwao, amwone mama wa nyumba na kujifunza taratibu. Akaongeza kwamba watu wasiogope, mila za giza katika nyumba yake zilikwisha kuachwa.

Shangazi aliacha kutafuna. "Na ile ya mkwe kutomwangalia mkwe nayo mmeacha?"

"Ile bado kidogo," Ambakisye akasema. "Hiyo ni heshima tu, shangazi. Baba akipita, mkamwana anajificha. Hamtazami, hasemi naye. Basi."

"Kwa hiyo mwanangu atakwenda Mbeya kuonwa na mtu asiyeruhusiwa kumwona."

Ambakisye alicheka, akanigeukia. "Wewe ndiye mwalimu. Hilo daftari utalichagua wewe."

Duka la vitabu na karatasi tulilolijua lilikuwa la Mzee Salum, mtu wa pwani aliyehamia Iringa zamani, ambaye hakuuza kitu kabla hajajua kinakwenda wapi. Aliweka madaftari matatu mezani na kuniuliza, "Ni ya nani?" Nikamwambia ni ya mzee mmoja anayeandika mambo ya kila siku. "Mzee wa namna gani? Mwenye mkono mzito au mwepesi? Mkono mzito unatoboa karatasi nyembamba." Nikamjibu sijui, sijamwona. "Utamwona lini, nikuwekee?" Nikasema sitamwona kamwe, ni baba mkwe wangu mtarajiwa, na kwao ndivyo ilivyo. Mzee Salum alinitazama juu ya miwani. "Bibi," akasema, "nimeuza daftari kwa ajili ya vipofu na kwa ajili ya wafu. Hii ni mpya."

Nilichukua kazi ile kwa moyo wote, na hilo ndilo linaloniudhi zaidi nikikumbuka. La kwanza lilikuwa limepigwa chapa tarehe za mwaka, kila siku na nafasi yake. Nikalikataa, kwa kuwa nilifikiri mtu anayeandika kweli ana siku za mistari miwili na siku za kurasa tatu, na si haki kumbana. La pili lilikuwa kubwa mno, la kuwekwa juu ya meza ya ofisi. Mzee angetaka kuliweka magotini, jioni, karibu na moto. La tatu lilikuwa na jalada gumu la kitambaa cheusi, mgongo mwekundu, mistari mipana na utepe wa kuonyesha ulipofika. Nililifungua katikati kuona kama litalala wazi bila kushikwa, maana mtu mwenye macho mabovu mkono wake mmoja unashika taa. Nikalinusa. Nikapitisha kucha kwenye karatasi nisikie kama wino utasambaa. Wakati huo wote Ambakisye alikuwa nyuma yangu akilamba kidole na kufunua la kwanza, ukurasa kwa ukurasa, mpaka Mzee Salum akamwondolea mkononi na kulifuta pembe kwa kitambaa. Nilitoka dukani nimelikumbatia lile jeusi, nikijiona nimekwisha kuingia katika ukoo wa watu wanaoandika.

Jumamosi iliyofuata, baada ya chakula, Ambakisye alileta kalamu ya kuchovya na kichupa cha wino. "Andika hapo, ukurasa wa kwanza," akaniambia. "Kitabu cha kumbukumbu cha Mzee Gwakisa, Mbeya. Mwandiko wangu baba anaucheka tangu nikiwa mtoto."

Nilisita. Hata kwetu sisi Wahehe jina la mkwe halichezewi, na wao nilisikia wamezidi. Nikamwuliza waziwazi, shangazi akiwa amekaa pale pale akichambua mchele, "Jina lake naruhusiwa kweli?"

"Kinachokatazwa ni kulitamka," akasema. "Kalamu ina mdomo? Tena baba ameandika mwenyewe, mila za giza ameacha. Umesikia barua. Andika, mwalimu wangu, mimi ndiye ninayekwambia."

Nikaandika. Nilipiga kwanza mistari ya penseli, nikachora kila herufi polepole kama nilivyowafundisha watoto, nikakausha kwa karatasi ya wino, nikafuta penseli kwa mkate. Kazi ilichukua nusu saa na ilikuwa nzuri. Shangazi alisikia kila neno la Ambakisye, na ninaliandika hapa ili lijulikane.

Tulisafiri kabla ya Krismasi, mimi na shangazi na Ambakisye, kwa basi lililokwama kwenye tope mara mbili kati ya Makambako na Chimala. Mbeya tulikuta baridi na mvua isiyokoma. Nyumba ya Mzee Gwakisa ilikuwa ya matofali mabichi na bati, na ukuta kati ya sebule na chumba tulichopewa haukufika juu. Kwa siku tisa nilimjua mtu yule kwa masikio tu. Mama mwenye nyumba alinifundisha taratibu kwa Kiswahili chake kidogo. "Ukisikia kikohozi, ni baba anakuja. Wewe ondoka. Kama njia hakuna, funika kichwa, geuka ukutani." Na mzee alikohoa, Mungu wangu, alikohoa kwa raha. Alikuwa akikohoa kuelekea chooni, kuelekea bombani, kuelekea jikoni ambako hakuwa na haja yoyote, na kila akikohoa mimi niliacha ndizi motoni nikakimbilia nyuma ya ghala, mvuani. Nadhani alifurahia. Kisha nilisikia akivuta ugoro, akipiga chafya, akitema katika kopo la maziwa lililowekwa karibu na kiti chake. Kule kutema kulikuwa na mlio wa kugonga bati, halafu, kopo lilipokaribia kujaa, mlio mwingine. Chakula chake kilipita mbele yangu kikiwa kizuri, ndizi zilizopikwa kwa maziwa, na kupitia juu ya ukuta nilisikia kikiliwa. Mwana alijifunza kwa nani kunyonya mifupa, sikuhitaji kuambiwa.

Siku ile ile ya kufika, Ambakisye alikuja jikoni na daftari akamwonyesha mama yake. Mama alifuta mikono kwenye nguo kabla ya kuligusa. "Huyu ndiye kachagua," Ambakisye akasema, akininyooshea kidole. "Na hapa mbele ni jina la baba. Nilimwambia mimi aliandike. Tazama, kama la mashine."

Mama aliondoa kidole chake kwenye ukurasa. "Jina la baba yako? Yeye kaandika?" Akanitazama, akamtazama mwanawe. "Baba yako atasemaje?"

"Atafurahi, mama."

Mama akarudi kwenye chungu chake. Nami nilijiambia ni mwanamke wa kizamani. Hivyo ndivyo nilivyomhesabu, mimi na vyeti vyangu.

Zawadi ilitolewa Jumapili baada ya ibada, wakiwepo wazee wawili wa kanisa waliokuja kula; mmoja wao hakuwa Mnyakyusa, kwa hiyo walizungumza Kiswahili. Sisi wanawake watatu tulikuwa chumbani, nyuma ya ukuta ule mfupi. Nilisikia karatasi ya kufungia ikichanwa. Nilisikia mzee akishukuru kwa Kinyakyusa, "Ndaga, mwanangu, ndaga fijo," na kurasa zikipeperushwa, na mmoja wa wageni akisifu jalada. Nilikuwa natabasamu peke yangu. Kisha nikasikia kikohozi kimoja kifupi.

"Huu ni mwandiko wa nani?"

Mzee akarudia swali.

"Wa... wa yule, tata," Ambakisye akamwambia baba yake. Halafu, upesi, kama mtu anayeruka dimbwi: "Nilimkataza. Nilimwambia kwetu haifai. Akasema yeye ni mwalimu."

Shangazi alinishika mkono kwa nguvu kiasi kwamba kucha ziliingia. Upande wa pili walianza kujadili. Mzee mmoja alisema kuandika si kutamka, na kwamba wao ni Wakristo. Mwingine akasema kuandika kumezidi, maana neno la mdomoni linapotea lakini hili litakaa. Yule wa kwanza akamkumbusha mwenye nyumba mahubiri yake mwenyewe juu ya mila za giza. Mzee Gwakisa akatema, kopo likalia. "Kanisani ni kanisani," akasema. "Hapa ni kwangu." Wakakubaliana kwamba upande wetu ulete ng'ombe wa kusafisha kosa, na kwamba kesho asubuhi mkamwana aombe radhi mbele ya wazee hao hao. Ukurasa wenye jina utachanwa. Daftari lenyewe, akasema, ni zuri, litabaki. Kisha wakaitisha chakula, nami nikasaidia kukipakua.

Asubuhi Ambakisye alinifuata nyuma ya ghala. Alikuwa anakula hindi la kuchemsha. Nilikuwa nimesubiri aje, nilikuwa na maneno tayari, lakini alianza yeye. "Vumilia," akaniambia. "Ni dakika tano. Ukisema mimi ndiye niliyekwambia, umenivunja mbele ya wazee, na harusi hakuna. Tukishaoana nitamweleza baba pole pole."

"Shangazi alikuwepo ulipoongea," nikamwambia. "Mama yako alikusikia jikoni."

"Mama hawezi kusema." Alitabasamu, na punje za mahindi zilikuwa zimejaa katikati ya meno yake. "Na wewe unanipenda."

Hapo ndipo kinyaa kilipoanza, na sijui kwa nini kilianzia kwenye mahindi wakati kulikuwa na uongo mzima wa kuanzia. Niliona meno yale, na ulimi ukiyatafuta mahindi, nikaona mezani kwetu, nikaona mifupa. Na bado nilitikisa kichwa kukubali. Shangazi alikuwa amesema tangu usiku kwamba nikitaka atasimama atoe ushahidi, sisi tupande basi mchana huo huo. Nilimwomba anyamaze. Nilitaka harusi. Nilikuwa nimekwisha kuwaaga walimu wenzangu, nimeshona nguo, na niliona aibu ya kurudi Iringa bila mchumba kuwa kubwa kuliko aibu ya kupiga magoti. Mtu asome vizuri hapo: sikulazimishwa.

Nilipiga magoti nje ya mlango wa mbele, kwenye tope, nimejifunika khanga kichwani na nimewapa mgongo wote waliokaa sebuleni, kwa kuwa sikutakiwa kumwona mkwe wala kusema naye. Niliyetakiwa kumwambia maneno ni mama, aliyesimama kizingitini, naye ayafikishe ndani. Nikasema, "Nilifanya kwa ujinga wangu. Nilikatazwa, sikusikia." Mama hakuyafikisha. Alisimama tu, nikasikia anavyovuta pumzi. Mzee akakohoa. Ndipo mama akageuka, akasema kwa Kinyakyusa maneno machache sana, machache kuliko niliyompa.

"Vizuri," Mzee Gwakisa akasema. "Ambakisye, chukua kitabu uandike. Mkono wangu siku hizi unapinda, na jambo hili nataka lisomeke. Mwandiko wako mbaya, lakini ndio huo huo."

Nikasikia ukurasa ukichanwa, taratibu, kwa uangalifu ili mgongo usiharibike. Nikasikia kiti kikivutwa. Mzee alisema, mwana akaandika, na alipomaliza akaambiwa asome alichoandika. Akasoma kwa ile sauti yake nzuri: kwamba leo mkamwana ameungama, kwamba alikatazwa na mchumba wake akakaidi, kwamba mwana wa nyumba hii alifanya wajibu wake. Hakusita hata mahali pamoja. Aliposoma "wajibu wake" aliinua sauti kidogo, kama anavyofanya mtu aliyefika mwisho wa somo la Jumapili. Nikiwa pale na maji ya mvua yakinishuka mgongoni, nilielewa kwamba huu ndio ukurasa wa kwanza wa daftari nililolinusa dukani, na kwamba nimeusaidia kuandikwa.

Tuliondoka siku ya tatu baada ya hapo. Ambakisye alibaki kumalizia likizo. Alitusindikiza mpaka barabarani, akasema ataandika, akarudi kwa sababu mvua ilikuwa inazidi. Mama alikuja nasi hadi kwenye basi, amebeba ndizi mbivu kwenye kikapu. Shangazi alipotangulia kupanda, mama alinishika kifundo cha mkono. Hakunitazama usoni. Alisema kwa Kiswahili, ili nisiwe na pa kujificha, "Usirudi, mwanangu. Mimi nilirudi."

Basi likaondoka. Shangazi aliniuliza mama kasema nini, nikamjibu ametutakia safari njema, kwa maana niliona haya. Mwanamke yule alinijua siku tisa. Alikuwa na cha kupoteza zaidi kuliko mimi, angeweza kupigwa kwa neno lile, angeweza kufukuzwa, na alilisema. Mimi niliyetakiwa kusema neno moja kwa ajili yangu mwenyewe nilikuwa na tope kwenye magoti, limekauka, na njia nzima nilikuwa nalibandua kwa kucha na kulidondosha chini ya kiti. Nilipofika Iringa nilimwandikia Ambakisye mistari minne ya kuvunja uchumba, bila kutaja sababu. Kisha nikachukua karatasi nyingine nimwandikie mama yake kumshukuru, na kumwambia kwamba nilisikia alivyoyapunguza maneno yangu kizingitini. Niliandika barua nzuri, ya kurasa mbili. Sikuipeleka. Hakujua kusoma, na waliojua kusoma katika nyumba ile walikuwa wawili tu, baba na mwana.